Ebbets Field: uwanja uliobaki kwenye faili

Leo tuwache programu kidogo twende Brooklyn, New York. Mashabiki wa besiboli wa huko hawachoki kuusimulia Ebbets Field. Ulifunguliwa 1913. Hapo ndipo Jackie Robinson alipoanza tarehe 15 Aprili 1947, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya 20. Msimu wa 1957 ulipokwisha, mmiliki Walter O'Malley akaihamishia timu yake, Dodgers, Los Angeles. Uwanja ukabomolewa 1960, pakajengwa nyumba za ghorofa.

Mimi nilivutwa na Retrosheet, mradi alioanzisha David Smith, profesa wa biolojia, mwaka 1989. Wanakusanya karatasi zilizojazwa wakati wa mechi za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta, tukio kwa tukio. S8, kwa mfano: mpira umepigwa, mlinzi wa nyuma katikati ameuokota, mpigaji kafika kituo cha kwanza salama. Herufi moja na tarakimu moja tu!

Lakini kumbukumbu hizo zina ukali wake. Mechi ya mwisho pale, 24 Septemba 1957, Dodgers waliishinda Pittsburgh 2-0 mbele ya watu 6,702, katika uwanja wa kuingiza zaidi ya 30,000. Machozi yote yale, na viti vitupu! Siwacheki, maana uvumi wa kuhama ulikuwa umeshaenea, na si kila mtu huweza kukaa na mgonjwa akikata roho. Gladys Goodding alipiga kinanda nyimbo za kuaga. Hilo halina msimbo.

Faili ni za bure, maandishi matupu. Ukijua Python kidogo, anza na 1957.