Jina Linakuja la Nani?

Kwenye soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, bei ikishakubaliwa na magunia yakishahesabiwa, mnunuzi hutoa simu na kuandika namba ya muuzaji. Anaandika kiasi. Hapo kioo kinamletea kisanduku chenye mistari michache: fedha kiasi gani, zinakwenda kwa nani, weka namba ya siri kukubali. Hakisomi kimyakimya. Jina analitaja kwa sauti, na muuzaji, ambaye pengine ameshauliza "Jina linakuja la nani?", anajibu kuwa ndiye huyohuyo, au ni la mke wake, tuma tu. Ndipo kidole kinabonyeza.

Mafundi wa programu wamekiandikia kisanduku hicho cha uthibitisho mengi: kijitokeze lini, kiwe na vitufe vingapi, kiulize nini. Katika mkoa kama Singida historia yake haikupitia kwenye simu janja. Ilipitia kwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, kwa wakala wa fedha mwenye daftari, na kwenye mazoea ya kuthibitishana yaliyokuwapo kabla simu hazijafika.

Singida ukawa mkoa kamili mwaka 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa. Reli ya Kati, iliyofika Tabora 1912, ilipita kusini mwake, Manyoni na Itigi, lakini sehemu kubwa ya Wanyaturu na Wanyiramba waliishi kaskazini ya reli hiyo, mbali na stesheni. Fedha zilisafirishwa na watu. Kwenye mnada wa ng'ombe uhakika ulikuwa mashahidi na karatasi ya kibali, na asiyejua kusoma alichovya dole gumba kwenye wino. Aliyetumiwa hawala ya posta alikwenda dirishani na kitambulisho, na asiyekuwa nacho alibeba barua ya mtendaji wa kijiji. Njia iliyopendwa zaidi ilikuwa basi. Kijana aliyepata kibarua Dar es Salaam au Arusha alitia noti kwenye bahasha, akaandika jina la mama yake na la kijiji, akamkabidhi konda. Uthibitisho ulikuja siku kadhaa baadaye, kwa mdomo wa msafiri mwingine, au haukuja kabisa.

Mambo yalianza kugeuka Kenya. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini yenyewe: mteja alifungua orodha iliyopachikwa kwenye kadi, akajaza namba, kiasi na namba ya siri, kisha akakubali. Vodacom iliileta huduma hiyo Tanzania Aprili 2008, lakini kwa njia nyingine. Mteja alipiga *150*00# na menyu ikamjia kutoka kwenye mitambo ya kampuni, ukurasa baada ya ukurasa. Zantel ilikuwa na Z-Pesa mwaka huohuo, Zain ikaleta Zap 2009, na Tigo Pesa ikaanza 2010.

Tofauti ya njia hizo mbili inaonekana ndogo, ila ndiyo iliyoamua mengi. Menyu ya kwenye laini ikitaka kubadilishwa, kadi nayo ina neno lake. Menyu inayotoka kwenye mitambo inaweza kubadilishwa usiku, na asubuhi mkulima wa alizeti wa Ikungi akakuta mstari mpya bila kugusa chochote kwenye simu yake. Haihitaji intaneti, wala kioo cha rangi. Pia haina adabu: ikija, inafunika chochote kilichokuwa kwenye kioo na kusubiri jibu, na jibu likichelewa inajifunga yenyewe.

Njia hiyo inaitwa USSD, na ina ubahili wake. Ujumbe mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, nafasi na nukta zikiwemo. Ndani ya ukomo huo lazima vienee kiasi, namba na maelekezo ya kubonyeza. Wanaotengeneza huduma zao wenyewe kupitia kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi wanaujua mpangilio huu kwa vidole: kila jibu ambalo programu yao inarudisha huanza na CON kama mazungumzo yanaendelea, na END kama yamekwisha. Ukurasa wa uthibitisho ni CON ya mwisho kabla ya END. Baada ya hapo hakuna mlango wa kurudia.

Ubahili huo ulikuwa neema. Mtu mwenye herufi 182 hana nafasi ya kuandika "Je, una uhakika kwamba ungependa kuendelea na kitendo hiki?" Analazimika kuchagua kitu kimoja au viwili vyenye maana. Kilichobaki ni kujua vitu hivyo ni vipi, na jibu halikupatikana siku ya kwanza.

Miaka ya mwanzo, anayetuma fedha alirudishiwa kile alichokiandika mwenyewe: namba aliyoibonyeza na kiasi alichotaja. Aliyekosea tarakimu moja alirudishiwa kosa lake likiwa limepangwa vizuri, akalithibitisha. Tarakimu kumi hazina sura, na jicho lililoandika 7 mahali pa 1 litasoma 7 na kuridhika. Hapo ndipo mawakala walipokuwa na kazi ya ziada. Kwenye kibanda chake wakala aliandika kwenye daftari tarehe, namba, kiasi na jina, mteja akatia saini au alama yake. Wateja wengi, hasa wazee, walimkabidhi simu awabonyezee, na wengine wakamtajia na namba ya siri hapohapo. Watu wa usalama wa fedha hulaani tabia hiyo, nao wana haki. Lakini mzee wa Ilongero aliyezoea kuweka dole gumba mbele ya mtu anayemfahamu hakuona ajabu kumwamini huyo zaidi ya kioo. Menyu zenyewe zilikuwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na nyumbani kwake kunazungumzwa Kinyaturu.

Jina ndilo lililobadili mambo. Kenya, katikati ya miaka ya 2010, Safaricom iliongeza huduma ya Hakikisha: baada ya kutuma, jina la mpokeaji hujitokeza na mtumaji hupewa sekunde chache za kusitisha. Kwenye menyu za Tanzania jina likaja kukaa kabla ya namba ya siri, mahali pazuri zaidi kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa sababu pale mtu bado anaamua. Jina likawa muhimu zaidi fedha zilipoanza kuvuka mitandao: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kutumiana fedha moja kwa moja, Vodacom ikajiunga 2016. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu.

Jina lina faida tu likiwa la kweli. Usajili wa laini ulianza 2009, lakini kwa miaka mingi kijana aliyekwenda mjini alinunua laini tatu, akabaki na moja na kuwapelekea wazazi mbili, zote zikiwa kwa jina lake. Matokeo yake kisanduku kilimtaja mtoto pale ambapo fedha zilikuwa za baba. Usajili wa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 kwa kutumia kitambulisho cha NIDA na kufikia kikomo Januari 2020, ulipunguza mchanganyiko huo. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za NIDA za wilaya kwa sababu laini isiyosajiliwa ingefungwa. Leo mtu akipiga *106# anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mama anayejulikana mtaa mzima kwa jina la mtoto wake wa kwanza, fundi anayeitwa kwa jina la utani tangu darasa la tatu, sasa wote wana majina ya kiserikali yanayosomwa kwa sauti dukani. Majirani wa miaka ishirini wamejuana majina matatu kamili kupitia kioo cha simu.

Huko kisanduku kilikotoka, mambo yalikwenda kinyume. Apple Lisa ya 1983 ni miongoni mwa zilizokifikisha kwa wanunuzi wa kompyuta, kama njia ya kumsimamisha mtu kabla hajafuta kazi yake. Android ilipotoka 2008, fundi yeyote alipewa kisanduku tayari, chenye nafasi ya vitufe vitatu. Kwa kuwa kilikuwa bure, kilitumika hovyo: unataka kutoka? unataka kuhifadhi? una uhakika? Vidole vikajifunza mahali pa kubonyeza kabla macho hayajasoma. Android 4.0 ya mwaka 2011 ilipohamishia kitufe cha kukubali upande wa kulia, waliozoea kushoto walikubali na kukataa kinyume. Kisanduku kisichosema kitu ambacho msomaji anaweza kukipinga hakithibitishi lolote. Jina la mtu asiyemjua linamshtua, swali la "una uhakika?" halimshtui mtu yeyote.

Tukirudi kwenye kisanduku cha fedha, serikali nayo ilikiona. Tozo ya miamala ilipoanza 15 Julai 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, makato yakawa gumzo la vijiwe. Waziri wa Fedha aliyeipitisha bungeni, Mwigulu Nchemba, alikuwa mbunge wa Iramba Magharibi, kwa hiyo mkoani Singida mjadala ulikuwa na ladha ya nyumbani. Hesabu ya "na ya kutolea", yaani kumwongezea mpokeaji fedha ya makato ili zimfikie kamili, ikawa ngumu kupigwa kichwani. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko.

Wengine waliokisoma kisanduku kwa makini ni matapeli. Ujumbe wao unafahamika nchi nzima: ile hela tuma kwenye namba hii. Wajanja zaidi waliongeza kipande, kwamba jina litakuja la fulani. Kipande hicho kinaua shaka kabla haijazaliwa: jina geni likitokea, mtumaji anaona limetokea kama alivyoambiwa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inataka ujumbe wa namna hiyo upelekwe namba 15040, na taarifa zake za kila robo mwaka zimeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa laini za utapeli.

Utapeli mwingine unatumia uthibitisho wa pili, ule ujumbe mfupi unaofika baada ya muamala. Mtandao ukikatika katikati ya mazungumzo ya USSD, mtumaji na mpokeaji hubaki wakiulizana imeenda au haijaenda, na ujumbe huo ndio hakimu. Ndiyo maana ukaanza kughushiwa. Mwenye duka wa Manyoni aliyewahi kutapeliwa haangalii tena ujumbe. Anafungua menyu, anaangalia salio, na mteja anangoja na mkate wake mkononi.

Siku hizi kisanduku kinajitokeza hata pale mtu hakupiga namba yoyote. Anayelipa mtandaoni anataja namba yake, na baada ya sekunde chache simu inaletewa ombi la kuweka namba ya siri, likiwa na kiasi na jina la kampuni. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu tangu mfumo wa GePG ulipoanza 2017, na mtu anayelipia leseni Kiomboi anaona jina la taasisi kabla ya kukubali.

Madukani, Lipa Namba imeleta kadi ya kubandika ukutani, yenye tarakimu za kubonyeza na jina la biashara. Mara nyingi jina linalotokea kwenye simu silo lililoandikwa juu ya mlango, kwa kuwa aliyesajili ni kaka, mke au mmiliki wa zamani. Wauzaji wamelimaliza tatizo hilo kwa kalamu ya wino mzito: chini ya tarakimu, kwenye kipande cha boksi, wameandika jina litakalokuja.