Historia ya Migingo, Jabali la Nusu Ekari

Migingo ni jabali lililochomoza katika Ziwa Victoria, eneo lake takriban mita za mraba 2,000, nusu ekari hivi. Ukitoka Muhuru Bay, Kaunti ya Migori, kwa boti ya injini, utasafiri kama saa mbili kabla ya kulifikia. Halina udongo wa kulima wala kuni za kuokota. Unga, mkaa, sabuni na dawa, vyote huja kwa boti. Kisiwa kizima kimefunikwa kwa mabati: kuta za mabati, paa za mabati, nyumba zimebanana hata mtu akipishana na mwenzake kichochoroni lazima mmoja ajikunyate ukutani. Humo mna vyumba vya kulala, mikahawa, vilabu vya pombe, vinyozi na maduka. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliandikisha watu 131, ingawa waandishi wa habari waliowahi kufika wamekadiria mamia kadhaa, kwa sababu wavuvi huja na kuondoka kila siku.

Kuna visiwa viwili vya karibu, Usingo na Pyramid, vyote vikubwa kuliko Migingo. Lakini ni Migingo ndiyo iliyojaa watu, na ndiyo iliyowagombanisha majirani wawili, Kenya na Uganda.

Chimbuko la ugomvi huo ni la zamani kuliko kijiji chenyewe. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya nchi ya mashariki ya ziwa, Kisumu ikiwamo, ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza, waliotawala pande zote mbili, wakaihamishia kwenye koloni lililokuja kuitwa Kenya. Rais Idi Amin wa Uganda aliifufua habari hiyo Februari 1976 alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Wakenya walikuja juu, naye akarudi nyuma.

Mpaka wa ziwani uliandikwa rasmi katika Agizo la Kiingereza la mwaka 1926. Mstari unaanzia majini kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, unapanda kaskazini hadi ncha ya magharibi ya Pyramid, kisha ncha ya magharibi ya Ilemba, halafu Kiringiti na Mageta, mpaka mwishowe unatua kwenye mlango wa mto Sio. Katiba ya Uganda ya 1995 inaueleza mstari huohuo. Migingo haikutajwa popote, maana hapakuwa na mtu wala sababu ya kuitaja. Lakini yeyote mwenye ramani na rula anaweza kupima mwenyewe: vuta mstari kutoka Pyramid hadi Ilemba, na Migingo itabaki upande wa mashariki, kama mita 500 ndani ya Kenya.

Mita hizo 500 ndizo kiini cha mambo yote. Mvuvi akiondoka kisiwani kuelekea magharibi, injini haijapata hata moto, amekwisha kuingia Uganda. Na samaki wako huko, kwenye kina.

Samaki mwenyewe ni sangara, ambaye wavuvi wa Kenya humwita mbuta. Hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, amewamaliza wengi wa furu na samaki wengine wadogo wa asili. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, Mwanza na Jinja, na nyama yake ikawa inaliwa Ulaya. Baadaye mabondo yake, yaani vifuko vyake vya hewa, nayo yakapata soko kubwa China. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa zima, na Ghuba yake ya Winam ni maji ya kina kifupi yaliyovuliwa kupita kiasi, kisha magugumaji yakaivamia miaka ya 1990. Mvuvi wa Nyanza aliyetaka samaki wa maana ilimbidi aende mbali.

Ndipo jabali lilipopata thamani. Wavuvi wawili wa Kenya husimulia kwamba walifika mwaka 1991 wakakuta magugu, ndege na nyoka. Mvuvi mmoja wa Uganda naye alieleza kwamba alipotua mwaka 2004 alikuta nyumba moja tu, tena imehamwa. Simulizi hizo mbili hazipatani. Lililo wazi ni kwamba wavuvi ndio walioijenga Migingo, Wakenya, Waganda na Watanzania pamoja. Serikali zilifika baadaye, zikifuata fedha iliyokwisha kuonekana kwenye mizani ya samaki.

Mwaka 2004 polisi wa majini wa Uganda walipiga hema kisiwani na kupandisha bendera. Wavuvi wa Kenya wakaanza kulalamika kwamba wanatozwa kodi, wanakamatwa, wananyang'anywa samaki na injini. Mapema mwaka 2009 wakaambiwa wakate vibali vya Uganda ili waendelee kukaa, na hapo hasira ikapanda hadi Nairobi. Huko Kibera vijana waliing'oa sehemu ya reli iendayo Uganda. Machi mawaziri wa nchi hizo mbili walikutana Kampala wakakubaliana mpaka upimwe upya kwa kufuata Agizo la 1926. Mei, Rais Museveni wa Uganda alikiri hadharani kwamba kisiwa kiko Kenya, ila akashikilia kwamba Wakenya wanavua kwenye maji ya Uganda. Julai serikali yake ikatoa msimamo huohuo rasmi.

Kwa maoni yangu, swali la kisiwa liliishia hapo. Bendera ikipepea juu ya mwamba haimlishi mtu. Lililobaki, na ambalo viongozi wamelikwepa tangu wakati huo, ni haki ya mvuvi kwenye maji. Mawaziri wamekutana tena na tena, askari wa pande zote mbili wamekaa kisiwani, na bado wavuvi wamekuwa wakikamatwa. Anayekamatwa ni kibarua wa boti, mtu anayetega nyavu jioni na kuziinua alfajiri kwenye baridi, akigawana mapato na mwenye chombo. Akipokonywa injini, mwenye chombo hudai deni lake, naye kibarua hurudi kwao mikono mitupu.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi Julai 2010. Shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, lina makao yake Jinja. Vyombo vipo. Wabunge wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mawaziri wa uvuvi wa Nairobi, Kampala na Dodoma wakae meza moja, watoe leseni moja ya kuvua inayotambulika ziwa zima, yenye ada moja na sheria moja ya ukubwa wa nyavu, na askari wa doria waagizwe kuiheshimu. Waanze na maji yanayoizunguka Migingo.