Lami uvunguni mwa gari: lini uiondoe, na uiondoeje

Magari mengi yanayobeba mpunga, mbolea na abiria kati ya Mabogini, Chekereni na Moshi mjini yaliingia nchini yakiwa yameshatumika, mengi yakitoka Japani. Ukiinama ukatazama uvunguni, mara nyingi utaona tabaka jeusi na zito kama lami ya barabarani. Kazi yake ni kuzuia maji, mawe na chumvi visifike kwenye chuma. Likiwa limeshika vizuri, ni kinga. Likiachia, maji na tope hujificha nyuma yake, na chuma huoza bila mwenye gari kujua.

Kwa nini chuma huoza chini ya lami

Kutu huhitaji maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Katika sehemu za Japani zenye theluji, barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Gari lililotembea huko linaweza kufika bandarini Dar es Salaam likiwa limeshaanza kuliwa. Baadhi hupuliziwa rangi nyeusi juu ya kutu, yakaonekana mapya.

Huku kwetu kuna tope la mashamba ya mpunga, linaloganda kwenye chesisi na kubaki na unyevu kwa siku nyingi. Kuna pia mbolea ya chumvichumvi inayomwagika kwenye bodi ya pikapu. Ikilowa, hula chuma haraka.

Si lazima uondoe yote

Chukua bisibisi, gonga kwa mpini wake sehemu mbalimbali za uvungu. Lami iliyoshika hutoa mlio mkavu wa chuma. Iliyoachia husikika kama kitu chenye uwazi ndani, au hubonyea na kutoa vipande na vumbi la kutu. Ondoa iliyoachia, iliyopasuka au iliyovimba, ukiendelea hadi ufike kwenye chuma kizima. Iliyoshika iache.

Kisha tambua aina yake. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, usugue. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni lami au rangi ya lami, na mafuta yataiyeyusha. Kisipobadilika, na tabaka likavutika kama mpira, mafuta hayatasaidia sana. Hilo hukwanguliwa tu.

Kabla ya kuingia uvunguni

Jeki peke yake haitoshi. Jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia mtu akiwa chini yake. Tumia stendi za chuma, weka vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na usitumie tofali, maana hupasuka ghafla. Udongo wa Mabogini ukilowa hudidimia, kwa hiyo fanya kazi kwenye sakafu ya zege, au bora zaidi kwenye gereji yenye shimo. Chomoa waya wa betri. Vaa miwani, glovu, mikono mirefu na barakoa.

Magari ya zamani sana yanahitaji tahadhari zaidi. Baadhi ya lami zilizotumika kabla ya miaka ya 1980 zilichanganywa na nyuzi za asbestosi, ambazo zikivutwa huharibu mapafu. Lowesha sehemu unayokwangua, usiisage ikiwa kavu.

Kazi yenyewe

1. Osha tope lote, acha gari likauke.
2. Anza asubuhi. Lami ikiwa baridi ni ngumu, na iliyoachia hubanduka ikigongwa kwa nyundo ndogo na patasi butu. Jua likipanda hulainika na kunata. Hapo tumia kikwanguo.
3. Sehemu ngumu zinaweza kupashwa kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, mbali na tangi na mabomba ya mafuta. Usitumie moto wa gesi wala kibatari. Lami huwaka, hudondoka ikiwa inawaka, na moshi wake ni sumu.
4. Mabaki yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa au dizeli. Usitumie petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na unaweza kufika kwenye jiko au sigara iliyo mbali nawe.
5. Mafuta yasiguse bushi, mipira ya breki wala diski.
6. Osha kwa sabuni ya unga na maji, kausha kabisa, kisha sugua kutu kwa brashi ya waya.

Makombo na vitambaa vilivyotumika viweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na watoto na moto. Visitupwe mferejini. Maji ya mifereji yetu yanaingia kwenye majaruba, na mifugo huyanywa.

Ukishaona chuma

Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Kutu ya juu tu husuguliwa ikaisha. Kutu inayomenyuka kama maganda inahitaji fundi aione. Bisibisi ikipenya kwenye chesisi, au mahali springi zinaposhikia, usilitumie gari hadi fundi mzoefu wa kuchomelea akate sehemu iliyooza na kuweka chuma kipya. Bomba la breki lililoliwa hubadilishwa. Halipakwi rangi.

Chuma kizima kipake rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi ya juu. Lami mpya ipakwe juu ya rangi iliyokauka tu, bila kuziba matundu madogo ya kutolea maji. Kupuliza oili chafu, kama wengine wafanyavyo, hulainisha mipira na kudondokea shambani.

Na kama unakwenda kununua gari, likawa na uvungu mweusi unaong'aa kuliko umri wake, omba ruhusa ya kugonga kwa mpini wa bisibisi kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, tafuta gari jingine.