Vita vya Kagera: Nyerere aliamua nini, na nani alilipa bili?

Kutoka Madale kwenda Temeke kwa daladala ni safari ndefu. Unapita Lugalo, unashika Barabara ya Kawawa pale Morocco, na ukifika Mgulani unaiona Kambi ya Twalipo.

Majina hayo mawili yana historia moja. Tanzania ilipoingia vitani na Uganda mwaka 1978, Rashidi Kawawa alikuwa Waziri wa Ulinzi na Jenerali Abdallah Twalipo alikuwa Mkuu wa Majeshi. Juu yao alikuwepo Amiri Jeshi Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere.

Kama ulikuwa hujazaliwa, haya ndiyo maamuzi makubwa aliyoyafanya.

Ilianzaje?

Uhusiano ulikuwa mbaya tangu Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote. Nyerere alikataa kumtambua Amin, na Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam.

Oktoba 30, 1978, majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800. Raia waliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa kupelekwa Uganda. Novemba 1, Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni lake. Daraja la Kyaka nalo likavunjwa.

1. Kusema wazi

Novemba 2, Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga. Hakuzunguka. Alisema Amin atapigwa, kwa kuwa Tanzania ina uwezo, ina sababu na ina nia. Maneno hayo matatu mpaka leo watu wanayarudia.

2. Kukataa suluhu ya haraka

Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulitaka kupatanisha. Amin naye akasema ataondoka kwa masharti, mojawapo likiwa Tanzania iache kuwasaidia wapinzani wake. Nyerere aligoma. Alitaka kwanza uvamizi wenyewe ulaaniwe, na OAU haikufanya hivyo.

3. Kuiingiza nchi nzima vitani

Waziri Mkuu Edward Sokoine aliagiza wakuu wa mikoa wakusanye watu na vifaa. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka askari mbele. Mgambo, polisi, magereza na JKT wakaunganishwa na JWTZ. Jeshi lililokuwa na watu wasiozidi 40,000 likafikia zaidi ya 150,000.

4. Kuvuka mpaka

Huu ndio uamuzi unaobishaniwa hadi leo. Mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yote ya Tanzania ilikuwa imesharudi. Nyerere angeweza kuishia hapo.

Lakini Amin alikuwa bado yupo madarakani, na Tanzania haikuwa na uhakika kwamba hatarudia. Mpango wa awali ulikuwa kuchukua Masaka na Mbarara, kisha Waganda wenyewe wamalizie kazi. Masaka ilianguka Februari 24, na Mbarara siku iliyofuata.

Muammar Gaddafi wa Libya ndiye aliyebadilisha hesabu. Alileta askari wake kumwokoa Amin, na wakapambana na JWTZ huko Lukaya mwezi Machi. Baadaye Libya ikampa Nyerere saa 24 aondoe majeshi Uganda. Nyerere akajibu redioni kwamba msimamo wake haujabadilika. Machi 29, ndege ya Libya ilijaribu kupiga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama.

5. Kuandaa serikali kabla ya ushindi

Kati ya Machi 24 na 26, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi. Wakaunda chama kimoja, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilipoanguka Aprili 11, tayari kulikuwa na watu wa kukabidhiwa nchi. Mapigano yakaisha Juni 3.

Hata hivyo amani haikukaa. Lule aliondolewa baada ya wiki chache tu. Obote akarudi kupitia uchaguzi wa Desemba 1980 uliopingwa vikali, na Uganda ikaingia tena vitani hadi Yoweri Museveni alipochukua nchi Januari 1986.

Nani alilipa?

Gharama ya vita inakadiriwa kuwa dola milioni 500, na sehemu kubwa ilitoka mfukoni mwa Tanzania yenyewe. Kwenye mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia Julai 1979, baadhi ya viongozi wa Afrika hata walimlaumu Nyerere kwa kuingia nchi ya mwenzake.

Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, hali ikazidi kuwa ngumu. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na fedha za kigeni hazikuwepo. Waliokuwa Dar miaka ile wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi.

Wengine walilipa kwa uhai wao. Wanajeshi wengi waliokufa vitani wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba mkoani Kagera, na hukumbukwa kila Julai 25, Siku ya Mashujaa.