Virginia: utumwa haukushuka na meli, ulitungwa pale pale



Leo tuongee historia kidogo, tena ya mbali: Virginia, koloni la kwanza la Waingereza kudumu Amerika ya Kaskazini. Kwenye madesa mengi habari yake ina mistari miwili tu. Waingereza walifika 1607, Waafrika wakaletwa 1619 kuwa watumwa, basi, twende mada nyingine. Ukisoma hivyo utadhani utumwa wa kule ulishuka melini ukiwa umekamilika, kama gunia la mzigo. Mimi nabisha. Nasema ulitungwa pale pale, kifungu kwa kifungu, kwa zaidi ya miaka 40, na watu waliokuwa wanapiga kura bungeni.

Tuanze na pesa, maana ndiko Virginia yenyewe ilikoanzia. Koloni lile lilianzishwa na kampuni ya wafanyabiashara wa London, iliyopewa hati na Mfalme James I mwaka 1606. Wanahisa walitaka faida ya haraka, ikiwezekana dhahabu. Mei 1607 wanaume na vijana wapatao 104 wakajenga ngome Jamestown, ndani ya nchi ya Wapowhatan, bila kumuomba mtu. Dhahabu haikuwepo. Kulikuwa na maji ya chumvi, homa na njaa. Msoto wa baridi ya 1609 na 1610 ulikuwa wa kutisha: kati ya mamia ya watu walibaki hai kama 60 tu. Walikula farasi, mbwa na panya. Mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza kwamba mifupa ya msichana wa miaka kama 14 iliyofukuliwa pale ina alama za kukatwakatwa kwa ajili ya nyama. Yaani walifika huko.

Kilichowaokoa ni tumbaku. Jamaa mmoja anaitwa John Rolfe (ndiye aliyemuoa Pocahontas mwaka 1614) alianza kuijaribu mbegu ya kutoka visiwa vya Karibi mnamo 1612, na London wakaipenda. Sasa tumbaku ina mambo mawili: inachosha ardhi upesi, na inakula mikono ya watu. Kwa hiyo kila mwenye shamba alikuwa anatafuta ardhi mpya na vibarua wapya. Ardhi waliichukua kwa wenyeji, kwa vita. Vibarua je?

Mwanzoni vibarua walikuwa Waingereza wenzao, walalahoi hasa. Kijana asiye na kazi wala shamba kwao alikuwa anasaini mkataba: nalipiwa nauli, nami nakutumikia miaka minne mpaka saba. Kuanzia 1618 kampuni ikaweka kivutio: ukimlipia mtu nauli, wewe unapata ekari 50. Hebu fikirieni hesabu hiyo. Anayevuka bahari anapata jembe, aliyelipa nauli anapata shamba. Wengi wa hao vijana walikufa kabla mkataba haujaisha. Walichapwa, waliuziana mikataba yao kama bidhaa. Lakini mkataba ulikuwa na mwisho, na hilo ndilo jambo la kushika.

Mwaka 1619 mambo mawili yakatokea ndani ya mwezi mmoja. Mwisho wa Julai likakutana bunge la kwanza la wawakilishi katika makoloni ya Waingereza kule. Mwisho wa Agosti ikatia nanga meli White Lion ikiwa na Waafrika 20 na ushei, watu wa upande wa Angola, walioporwa kutoka meli ya Kireno. Wakabadilishwa kwa chakula.

Hapa ndipo desa linaruka. Waafrika wale waliuzwa, hilo halina ubishi. Lakini Virginia haikuwa na sheria yoyote inayosema Mwafrika ni mtumwa maisha, wala kwamba mtoto wake naye ni mtumwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na wachache walipita. Mfano ni Anthony Johnson. Aliletwa 1621, kwenye orodha anaitwa “Antonio”, Mweusi. Akatumika, akawa huru, akaoa, na mwaka 1651 akapata ekari 250. Tena yeye mwenyewe alikuwa na vibarua, na mwaka 1655 mahakama ilimrudishia mmoja wao, Mwafrika aitwaye John Casor, amtumikie maisha. Msishangae. Nchi ile ilikuwa inahesabu mali kwanza.

Sasa angalieni mlango unavyofungwa. Mwaka 1640 vibarua watatu walitoroka wakakamatwa. Wazungu wawili waliongezewa miaka. Wa tatu, John Punch, Mwafrika, akahukumiwa kutumika mpaka kufa. Kosa moja, hukumu mbili. Mwaka 1656 Elizabeth Key, mama yake Mwafrika na baba yake Mwingereza, alidai uhuru mahakamani na akaupata. Hoja zake: baba yangu ni Mwingereza huru, nami nimebatizwa. Mabosi wakasikia. Mwaka 1662 bunge likapitisha kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, wakati desturi ya Kiingereza ilikuwa mtoto hufuata baba. Maana yake bwana akimzalisha mtumwa wake, anajiongezea mali. Mwaka 1667 likapitisha kwamba ubatizo haumpi mtu uhuru. Hoja zote mbili za Elizabeth zikawa zimezibwa ndani ya miaka 11! Mwaka 1669 ikaja nyingine: bwana akimuua mtumwa wakati wa kumwadhibu, hana kosa la jinai.

Halafu 1676 vigogo wakapata hofu ya kweli. Nathaniel Bacon, tajiri aliyegombana na gavana kuhusu vita dhidi ya wenyeji, aliongoza uasi. Bacon hakuwa mtetezi wa wanyonge, alitaka wenyeji wauawe. Ila nyuma yake walisimama vibarua wa kizungu na watumwa Weusi, bunduki mkononi, pamoja, na Septemba wakaichoma Jamestown. Bacon akafa kwa ugonjwa Oktoba. Kati ya waliokuwa wa mwisho kusalimu amri walikuwa Weusi 80 na vibarua Waingereza 20.

Baada ya hapo wenye mashamba walizidi kununua Waafrika, hasa vibarua kutoka Uingereza walipopungua na meli za watumwa kuongezeka. Mwaka 1691 bunge likapiga marufuku ndoa za Wazungu na Weusi. Mwaka 1705 likakusanya yote kwenye sheria moja. Sheria hiyo hiyo ikasema kibarua mzungu akimaliza mkataba apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Mtumwa akahesabiwa pamoja na ardhi na nyumba. Mnaona? Maskini mmoja kapewa bunduki, mwenzake kageuzwa kiwanja.

Kuna watakaoniambia Wareno na Wahispania walikuwa na watumwa Waafrika kabla ya hapo, na Waingereza wa Barbados walikuwa na sheria yao tangu 1661. Kweli kabisa. Virginia hawakubuni kutoka hewani, mifano ilikuwepo. Lakini mfano haujipitishi wenyewe bungeni. Watu walikaa, wakasoma, wakanyoosha mikono.

Kwa nini naliona ni jambo zito? Kwa sababu tukisema “ndivyo ilivyokuwa zama zile”, tunawasamehe waliotunga na tunawasahau waliokataa, kama Elizabeth Key. Pia tunajifunza vibaya. Dhuluma kubwa huja kwa vifungu vidogo, kila kimoja kikidai kinajibu tatizo dogo la jana.

Anthony Johnson alihamia Maryland na kufa huko 1670. Mwaka huo jopo la mahakama Virginia likaamua kwamba, kwa kuwa alikuwa Mweusi, alikuwa mgeni, na ardhi aliyoiacha Virginia ikachukuliwa. Mwaka 1677 mjukuu wake alinunua ekari 44 huko Maryland. Shamba hilo akaliita Angola.

Haya, wana historia na wana sheria, uwanja ni wenu. Nibishieni.