Kamba, Maua na Mawe

Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, ulibomoka. Tope likamwagika kwenye mashamba na makazi ya Ng'wang'holo na Nyenze, wilayani Kishapu. Hakuna aliyekufa.

Pasipo kifo hakuna matanga. Msiba wa kawaida una watu wanaokuja kukaa nawe, na habari za marehemu husimuliwa upya kwa kila mgeni anayeingia, kila mara na machozi yake. Shamba likizama huambiwi ulie. Unaambiwa ujikaze, nawe unajikaza, hadi usiku mvua inapopiga bati na moyo kwenda mbio.

Wapo waganga wa nafsi waliolitilia shaka neno hilo "jikaze". Huko Montreal, tangu miaka ya 1960, daktari Habib Davanloo, mzaliwa wa Iran, alitafuta namna ya kufupisha tiba ya mazungumzo iliyokuwa ikichukua miaka. Mgonjwa alipokwepa kwa tabasamu au kwa kubadili mada, alimrudisha palepale: unahisi nini sasa hivi, na mwilini unakihisi wapi?

Historia iliyo karibu nasi zaidi ni ya Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Wanasaikolojia kutoka Ujerumani, akiwamo Frank Neuner, waliwafundisha wakimbizi wenyewe kazi ya ushauri nasaha. Katika tiba waliyowafundisha, kamba hutandazwa chini, nayo ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye furaha huwekwa ua, penye maumivu jiwe. Kisha kila jiwe husimuliwa polepole: harufu, sauti, jasho, mikono ilivyotetemeka. Kumbukumbu ya hofu kuu hukaa mwilini bila tarehe, ndiyo maana hurudi kana kwamba jambo linatokea leo. Kuisimulia huku ukiihisi, mbele ya mtu asiyekukimbia, huirudisha kwenye siku yake.

Utafiti wao wa 2008 ulihusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Baada ya vikao 6 tu, na kufuatiliwa kwa miezi kadhaa, takriban 7 kati ya 10 waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Waliopata ushauri wa kawaida nao walikaribia hapo. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, hawakufika 4 kati ya 10.

Baadaye, Moshi kwetu Tanzania na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi waliingizwa katika utafiti wa tiba inayokaribiana na hiyo, wakihudumiwa na washauri wasio madaktari. Katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti, tiba ilishinda huduma ya kawaida. Baada ya mwaka faida hiyo ilibaki Kenya; kwetu tofauti ilikuwa imefifia, jambo linalostahili kuchunguzwa kwa makini.

Nimewaza kamba hiyo ikitandazwa Ng'wang'holo. Ua la mavuno ya kwanza ya pamba, ua la mtoto, ua la nyumba iliyoezekwa bati. Halafu jiwe la 7 Novemba, na mtu ameketi kando yake, anauliza tope lilisikikaje lilipokuwa linakuja.