Albamu Iliyotoka Bendi Ikizikwa

Aliyekulia kwenye rege atalitambua pigo hili mara moja. Gitaa haligongi pale mguu unapokanyaga. Linagonga pale mguu unapoinuka. Ndilo pigo la ska, muziki uliovuma Jamaika mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla haujapunguza mwendo ukazaa roksteady, na roksteady ikazaa rege. Lichukue pigo hilo, likimbize hadi wapiga vyombo watwete, kisha mpe kipaza sauti kijana ambaye hajatimiza miaka 20, mwenye koo la kukwaruza na mengi ya kusema. Hiyo ndiyo Energy, albamu ya kwanza ya Operation Ivy, bendi ya Berkeley, California. Ikawa na ya mwisho pia.

Ilitoka mwaka 1989, na mwaka huohuo bendi ikavunjika. Kwa hiyo wengi wa wanaoipenda hawakuwahi kuiona bendi yenyewe jukwaani. Walichopata ni urithi, na penye urithi hapakosi mvutano. Zaidi ya miaka 30 sasa mashabiki wanabishana kuhusu albamu hii: ilirekodiwa vibaya au vizuri, ina nyimbo ngapi, ni ska kweli au siyo, na je, vijana wale walikosea kuachana? Nami nina upande wangu katika kila swali.

Bendi ilianza mwaka 1987. Tim Armstrong, mpiga gitaa aliyejulikana wakati huo kwa jina la Lint, na Matt Freeman wa gitaa la besi walikuwa marafiki tangu utotoni, wote wa mji mdogo wa Albany, jirani na Berkeley. Dave Mello alishika ngoma, Jesse Michaels akaimba. Jina walilitoa kwenye majaribio ya nyuklia ambayo Marekani iliyafanya mwaka 1952 katika Visiwa vya Marshall. Bomu la kwanza la majaribio hayo, la haidrojeni, lililipuliwa Novemba 1, na kisiwa cha Elugelab kikafutika kabisa, pakabaki shimo baharini. Kizazi kilichokulia chini ya kivuli cha vita baridi hakikuhitaji kuelezwa maana ya jina hilo.

Nyumbani kwao palikuwa namba 924, mtaa wa Gilman, jengo la ghala lililogeuzwa ukumbi na kufunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1987. Ukumbi huo uliendeshwa na watu wa kujitolea, ukapokea watu wa umri wote, na masharti yake yaliandikwa ukutani mlangoni, kila anayeingia ayasome: hakuna ubaguzi wa rangi, hakuna kudharau wanawake, hakuna kunyanyasa mashoga, hakuna pombe, hakuna dawa za kulevya, hakuna vurugu. Mtoto wa shule aliweza kuingia, kusikiliza bendi nne, kisha kushika ufagio. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maneno ya Energy hayaeleweki vizuri bila mlango ule. Wimbo wa Unity unadai umoja, na katika miaka hiyo makundi ya vijana wa mrengo wa kibaguzi yalikuwa yakija kwenye maonyesho ya panki, roki ya kasi na kelele, kutafuta watu wa kupiga. Michaels aliimba mambo aliyoyaona kwa macho yake, mita chache kutoka jukwaani.

Januari 1988 walitoa santuri ndogo ya nyimbo 6, Hectic, chini ya Lookout, lebo changa ya Larry Livermore na David Hayes. Mwaka huo wakazunguka Marekani, watu na vyombo wamebanana ndani ya Chrysler Newport ya mwaka 1969. Waliporudi, walijaribu kuirekodi albamu palepale Gilman. Haikufaa. Wakavuka kwenda San Francisco, studio ya Sound and Vision, wakarekodi upya wakiwa na fundi mitambo Kevin Army.

Hapo ndipo mjadala wa kwanza unapoanzia. Kuna wanaosema sauti ya Energy ni nyembamba, magitaa yanapiga kelele juu ya ngoma, na mwimbaji anasikika kana kwamba koo lake linakaribia kupasuka. Yote ni kweli. Lakini sikiliza besi ya Freeman. Katika rekodi nyingi za panki besi hukaa chini ya gitaa na kulifuata kama kivuli. Hapa inapanda na kushuka peke yake, inajibu, inakatiza, na hata kwenye redio mbovu unaweza kuifuata noti kwa noti. Rekodi mbaya haikupi hivyo. Ukwaruzo uliobaki ni wa vijana wanne wanaopiga kwa nguvu zao zote kwa sababu hawajui kama watapata nafasi nyingine, na hawakuipata. Ninakubaliana kabisa na wale wanaosema ukiisafisha, umeiua.

Mabishano ya pili ni ya hesabu, na yananigusa zaidi kuliko yanavyostahili. Energy ina nyimbo 19. Mwaka 1991 Lookout ilitoa sidii yenye jina la bendi, ikaunganisha nyimbo hizo na 6 za Hectic, pamoja na 2 zilizowahi kutoka kwenye mkusanyiko wa bendi za Gilman. Jumla 27. Waliokuja baadaye, ambao ndio wengi, wanaijua hiyo sidii tu, na ukiwaambia albamu ya kwanza inakwisha kwenye wimbo wa 19, wanakutazama kama mtu aliyewanyang'anya kitu. Wakongwe wa santuri hawakubali: kwao, upande wa pili ukimalizika ndiyo basi, sindano inainuliwa, chumba kinanyamaza. Niko na wakongwe. Mpangilio wa zile 19 una pumzi yake; Knowledge inafungua mlango kwa kishindo chini ya dakika mbili, kisha Sound System inafuata na pigo lake la kurukaruka, na ukiingiza nyimbo nyingine mwishoni, unakuwa umebadilisha mahali safari inapoishia.

Wapenzi wa ska ya Jamaika nao wana lao. Skatalites, walioanza mwaka 1964, walijaza nyimbo zao saksafoni, trombone na tarumbeta. Hata The Specials wa Coventry, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1979 wakiwa weusi na weupe jukwaa moja, waliyapa mapembe heshima yake. Operation Ivy hawakuwa na mpiga pembe hata mmoja. Kuna wasikilizaji wanaosema hiyo si ska, ni panki iliyovaa kofia ya ska. Hoja yao ina uzito, na deni la Jamaika lazima litajwe kila albamu hii inapotajwa. Michaels mwenyewe alikuwa kama analikiri kwa kalamu: mtu wa suti na kofia aliyemchora kuwa nembo ya bendi, mwili umepinda katikati ya kucheza, ni ndugu wa damu wa mtu wa suti aliyekuwa nembo ya 2 Tone, lebo ya The Specials. Mchoro huo umeshonwa kwa mkono kwenye migongo ya jaketi nyingi.

Fedha zilikuja wenyewe wakiwa wameshatawanyika. Armstrong na Freeman waliunda bendi ya Rancid mwaka 1991. Mwaka 2006, kwa sababu ya mirabaha isiyolipwa, nyimbo za Operation Ivy ziliondolewa Lookout, na mwaka uliofuata zikatolewa upya na Hellcat, lebo ya Armstrong.

Linabaki swali la kuachana. Maonyesho yalikuwa yamefurika, kampuni kubwa zimeanza kunusa, na umaarufu ule ukawalemea, Michaels hasa. Wapo mashabiki wanaoshukuru: bendi iliondoka kabla ya kujiuza, hakuna albamu ya pili ya kuwaaibisha. Sijaweza kushukuru. Siwalaumu, lakini kila nikiisikia besi ile nawaza nyimbo ambazo hazikuandikwa, na nasikitika kama mtu anayesikitikia jirani aliyehama bila kuaga.

Onyesho la kuagana lilikuwa Mei 28, 1989, Gilman, watu wamejaa pomoni. Miongoni mwa waliotangulia jukwaani ni vijana watatu waliokuwa wakiitwa Sweet Children, na usiku huo walipanda kwa mara ya kwanza kwa jina jipya, Green Day. Kesho yake Operation Ivy walifunga vyombo tena, uani kwa rafiki yao, wakawapigia waliokuwepo.